Leseni ya Sindano Kabla Ta Mikaeli Hajafika

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeduwaa. Chai imepoa mkononi na bado nimeduwaa.

Adrian, binamu yangu na mshenga wangu, kanipigia simu kutoka Bukoba akicheka peke yake. Posa yangu kwa Bibiana imepokelewa vizuri mno. Wazee waliuliza bwana harusi anafanya kazi gani huko Uchina. Yeye akaona "anauza mabegi" ni maneno makavu kuyapeleka kwenye nyumba ya watu waliosoma. Akawaambia mimi ni daktari wa sindano za Kichina, zile nyembamba za kutuliza maumivu. Mwenye leseni ya serikali!

Mawe, mama yangu! Mimi? Mimi ambaye nikimwona nesi na bomba la sindano navuka barabara?

Nikamwambia arudi akasahihishe. Akashtuka kuliko mimi. Tangu lini bwana harusi akamsahihisha mshenga? Neno la mshenga likishatua kwa wakwe ni langu, nimelisema mimi. Kulikana ni kuwaambia wakwe kwamba nimewatumia mwongo. Na kweli, mila ndiyo hiyo. Sina pa kutokea.

Halafu akamalizia kama jambo dogo. Ta Mikaeli, baba mkubwa wa Bibiana, anakuja Guangzhou wiki ijayo kununua jinzi. Mgongo unamtesa. Hospitali zote amezikataa, anasubiri kudungwa na mkwe. Akirudi nyumbani ndipo jibu la posa litatoka.

Nimekaa kitandani nikimwaza Bibiana. Nampenda yule mtoto wa watu, basi tu. Sasa kama serikali inatoa leseni, inawapa watu, na mimi ni mtu. Kesho nakwenda kuiomba.

Jumanne, 5 Novemba

Suti. Viatu vimeng'aa. Ofisi ya afya, dirisha la kwanza.

Dada wa dirishani alinisikiliza vizuri, tukisaidiana na simu ya kutafsiri. Kisha akanieleza. Miaka mitano chuo cha udaktari. Baada ya hapo mazoezi hospitalini. Baada ya hapo mtihani wa serikali, wa kuandika na wa vitendo, kwa Kichina. Nikamwambia Kichina nakijua, nina uwezo wa kubishana bei mpaka laoban, mwenye duka, aombe maji. Akaniomba nisome bango lililokuwa nyuma yake. Nikasema nimesahau miwani.

Kuna njia nyingine, akasema, ya kumfuata mwalimu mwenye leseni kama mwanafunzi wake. Nikachangamka. Nayo miaka mitano! Na mgeni ana karatasi zake za ziada juu ya hizo.

Nikauliza kwa heshima kama ipo ya haraka, kwa watu wanaotarajia wakwe. Dada akaduwaa. Mimi nikaduwaa kwamba yeye ameduwaa. Akamwita mwenzake chumba cha pili aje anione, akaja na bakuli lake la chakula. Wote wawili wakasema mei you. Hiyo mei you naisikia kila siku mtaani Dengfeng nikiomba punguzo, "hakuna", na pale ndipo mazungumzo yanapoanza. Hapa yaliishia hapo. Mlinzi alinisindikiza hadi nje, kwa adabu.

Lakini lile neno la mwalimu limenikaa. Mwalimu mwenye leseni, mwanafunzi chini yake. Leseni ikiwa nyumbani si ni ya nyumba nzima?

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata mwalimu! Daktari Liang, mzee wa miaka sabini na kitu, kliniki yake iko uchochoroni nyuma ya Dengfeng. Ubaya mmoja tu: imepakana na duka la simu la Clément. Clément ni Mkongo wa Lubumbashi, ana viatu vingi kuliko askofu, Kichina kinamtoka kama maji, na wateja wangu wawili wa mabegi sasa ni wateja wake. Sisemi zaidi.

Leseni ya mzee Liang imetundikwa ukutani kwenye fremu. Nilisimama mbele yake nikameza mate. Nikampa begi kutoka viwanda vya Shiling, ngozi tupu si plastiki, na chai nikammiminia kwa mikono miwili kama desturi yao inavyotaka kwa mtu anayeomba uanafunzi. Akanywa. Akaniangalia vidole. Akanipa ufagio.

Nikauliza sindano tunaanza lini. Akasema tumeshaanza.

Mchana akanipa sindano kadhaa na bonge la pamba nidunge bila kuzipinda. Nimezipinda zote alizonipa. Akasema nikishaiweza pamba nitaanza kujidunga mwenyewe mguuni, maana hapa mwanafunzi hamgusi mgonjwa kabla hajayajua maumivu ya sindano. Kisha, Yesu na Maria, akapandisha suruali akajidunga chini ya goti huku anakunywa chai. Hata hakukunja uso! Nilishika ukuta.

Ijumaa, 8 Novemba

Pamba imenishinda. Nimejaribu kwenye begi la mkono, sindano imepinda na begi limetoboka. Hasara juu ya hasara.

Liang kaniuliza kama nimeshajidunga mguuni. Nikasema tayari, jana. Akataka kuona. Nikamwonyesha palipoumwa na mbu. Akapatazama muda mrefu, akasema sehemu hiyo vitabu vyote havijaitaja. Nilifurahi sana, mpaka nilipofika nyumbani nikalifikiria upya lile neno.

Clément amenikuta nafagia mbele ya kliniki. Akasimama na viatu vyake. Akauliza, kwa sauti ya mtaa mzima, kama mabegi zimekwisha, sasa niko nafagilia Wachinois. Nikamjibu nafanya utafiti. Kufika jioni Dengfeng yote inajua utafiti wangu. Denise, mama mwenye mgahawa, kaniletea ugali na sombe, kisamvu chao, bila kuniomba kitu, akanipapasa bega kama mfiwa. Nimekula. Mtu hali aibu.

Jumapili, 10 Novemba

Wakati wa mahubiri nimepata wazo, na nimeshtushwa na akili yangu mwenyewe.

Ta Mikaeli hajui Kichina hata neno. Liang hajui Kiswahili hata neno. Katikati yao kuna nani? Mimi! Liang nitamwambia namletea baba yangu mgonjwa. Ta Mikaeli nitamwambia huyu mzee ni msaidizi wangu, mimi siku hizi nasimamia tu. Mkwe anapona, mwalimu analipwa, leseni iko ukutani nani ataisoma.

Nimenunua koti jeupe. La daktari sikulipata la kimo changu, nimechukua la mpishi. Lina vifungo safu mbili. Limenikaa vizuri.

Jumanne, 12 Novemba

Ta Mikaeli kafika. Kapinda! Sikutegemea atakuwa amepinda kiasi kile. Nikamsalimu kwa kuinama, na kwa kuwa naye alikuwa ameinama tayari, tukawa kama watu wanaotafuta shilingi chini.

Kaniletea senene wa kukaanga kutoka kwa Bibiana. Kawachambua kwa mikono yake, mabawa na miguu, msimu ndio huu. Nilipofungua ile pakiti nikanusa, nililia kidogo. Nikasema ni baridi ya hapa.

Tumekwenda Xintang kuona viwanda vya jinzi. Kwenye kiwanda cha pili alishindwa kushuka garini. Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo kwenye kiti cha nyuma, mafundi wanapakia marobota mbele yetu. Akaniambia taratibu kwamba Bibiana hana baba, marehemu alimwachia yeye. "Nikikosea mimi," akasema, "hana mwingine wa kunikosoa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kukuona."

Karibu nimwambie. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Kisha akasema anashukuru Mungu amewapa mkwe daktari, nikalimeza.

Jumatano, 13 Novemba

 Naandika nimelala.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ta Mikaeli akashangaa msaidizi kuwa mzee kuliko daktari. Nikamwambia hapa watu hawastaafu. Liang akanikabidhi ufagio kama kawaida. Ta Mikaeli akashangaa daktari kufagia. Nikamwambia usafi ni nusu ya tiba. Akatazama koti langu akauliza vifungo vyote vile vya nini. Nikajifanya sijasikia.

Liang akamlaza, akampapasa mgongo, akafungua sindano. Ta Mikaeli akanyanyuka ghafla. Hadungwi na msaidizi! Amepanda ndege mbili adungwe na mkwe, mwenye leseni.

Nikamgeukia Liang nikamwambia baba anaogopa kidogo. Liang akacheka, akasema dawa yake ipo: mwanawe adungwe kwanza, aone haiumi. Nikasema si lazima. Akasema mwanafunzi ameshajidunga mwenyewe, hii moja ni nini kwake? Akanikalisha kwenye kigoda, akanishika mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada. Niliiona inaingia.

Baada ya hapo sijui.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, miguu juu ya kigoda. Mlangoni amesimama Clément. Liang alikuwa amepiga kelele za msaada, yeye akaja mbio, na kwa kuwa anajua lugha zote mbili, wazee wakamwomba awatafsirie. Na akatafsiri! Kila kitu! Neno kwa neno! Mbu wangu, pamba yangu, ufagio wangu. Nilimsikia akimalizia habari ya ofisi ya afya, ambayo sikumwambia mtu, sijui kaipata wapi. Alikuwa anatafsiri polepole, na kwa furaha.

Nilifumba macho tena. Yakafumbuka yenyewe.

Ta Mikaeli amelala kifudifudi, sindano mgongoni, anagawana senene na Liang kutoka kwenye pakiti moja. Liang anawatafuna kwa raha, anaomba wengine. Hakuna aliyenipigia kelele. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote.

Sindano zilipotolewa Ta Mikaeli alikaa mwenyewe. Akanyooka. Akaniambia nije karibu, nivue lile koti la mpishi.

"Kazi yako ni nini hasa?"

"Nauza mabegi, baba."

"Mabegi yana aibu gani?"

 Nikasema mshenga. Akasema mshenga anajulikana ni mtu wa kupamba, kwao nako walipamba, Bibiana hajui kupika hata uji na wamesema anajua. Lakini mshenga hakunivalisha koti. Nilijivalisha. Nikaona aibu ya kweli sasa, ya kuchoma masikio.

Akasema yeye hatapeleka neno. Nimpigie mimi Ma Evaline, mama yake Bibiana, nimwambie kwa mdomo wangu kabla yeye hajafika. Akifika atamwuliza swali moja tu, mkweo anafanya kazi gani. Akijibu mabegi, posa imepita, na yeye ndiye atakayenikabidhi binti. Akijibu kingine, nitafute mahali pengine.

Nilimshika miguu nikashukuru. Nimeapa. Uongo basi, maisha yangu yote.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempigia Ma Evaline mchana. Nimekaa wima, nimesali kwanza. Moyo mweupe. Nilikuwa nimeshajifunza sentensi: mama, mimi ni mfanyabiashara wa mabegi.

Kapokea anaongea upande mmoja wa mdomo. Jino! Limevimba tangu Jumapili, halali, hali. Nikampa pole. Akasema afadhali nimepiga, mkwe ndiye mtoto wa kweli. Nikafungua mdomo niseme mabegi. Akaniwahi: ila ni bahati mbaya kwamba mimi ni wa sindano tu. Angepata mkwe wa meno, leo hii angemwona kama malaika.

 Nikasikia sauti inamwambia kwamba yale ya sindano nimeyaacha, Ta Mikaeli atathibitisha, siku hizi niko kwenye meno. Nilishtuka. Ilikuwa yangu.

Akanibariki. Akamwita Bibiana aje asikie. Bibiana akasema, "Hongera, mpenzi wangu," kwa ile sauti yake, na mimi nikasema asante.

Sasa nifanyeje? Tulia, Jovitus. Ta Mikaeli anafika nyumbani Jumatatu, siku hazijaisha. Nimeyahesabu meno yangu kwenye kioo na hayafiki hata thelathini na mbili, wakati sehemu za kudunga sindano mwilini zinapita mia tatu. Leseni yake haiwezi kuwa ngumu kama ile. Na uzuri mkubwa kuliko wote, kwenye meno hakuna sindano.