Bakuli la Pai Lililofungiwa Kiooni

Ndugu Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa,
Polgarrow, Cornwall.

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kupangusa vumbi. Mimi ni Jory Nancarrow, mgane, jirani wa miaka mingi wa marehemu Bi Hesper Trewin, mfinyanzi ambaye sasa mnaonyesha kazi zake za maisha yote. Chumba cha pili mmefungia kiooni bakuli la kuokea ambalo binti yangu Tamsin aliwaazima bila kuniuliza. Nalitaka. Jumapili nataka kula pai ya samaki, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mmelifudikiza, eti watu waone muhuri wa Bi Hesper kitakoni. Kibandiko kinasema "Kilima Kimya". Kilima gani, jamani? Hilo ni bakuli. Hata paka wetu alilijua.

2. Mmesifu "ujasiri wa msanii" kwenye lile doa jeusi. Doa ni la marehemu mke wangu, Loveday, siku aliyopiga soga na Bi Hesper uani mpaka pai ikaungua. Kama doa ni sanaa, basi Loveday naye ni msanii, na jina lake liandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

3. Vyombo vilivyopinda tanurini Bi Hesper alitugawia majirani, nasi tukampelekea mayai. Alipotukabidhi hilo bakuli alisema, "Loveday, mwanangu, nikisikia umeliweka kabatini kama pambo, nitakuja nilivunje mwenyewe." Nyinyi mmelizidi hata kabati.

4. Mkikataa kulirudisha, basi msibague. Chukueni na jiko letu, maana ndilo lililotia doa. Nichukueni na mimi, kwa kuwa kitambi hiki kimefinyangwa na bakuli hilohilo. Nitakaa kiooni kwa adabu, mradi chai ije saa kumi.

Nisalimie walinzi wote, yule mama wa tiketi, na hata aliyeandika vibandiko. Simchukii, nadhani ana njaa tu.

Wako mwenye hasira za heshima,
Jory Nancarrow

Nyongeza: Asubuhi hii nimenunua samaki, nikamenya viazi, kisha nikasimama jikoni nisijue la kufanya. Sijui kupika pai. Alijua Loveday peke yake, na miaka yote ile sikuwahi kumuuliza. Liacheni bakuli hukohuko. Ila naomba mniwekee kiti mbele yake.