Ng'ombe Wetu Naye Apewe Masharti ya Panda

Bukavu-Kadutu, tarehe 9 Novemba 1999

Kwa Bwana Mukurugenzi wa bustani ya wanyama yenye panda, huko Ulaya. (Kama barua hii imefika kwa asiye na panda, amupelekee mwenzake mwenye bahati.)

Bwana Mukurugenzi muheshimiwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Raphaël, mwalimu wa jiografia. Ninakuandikia kwa ajili ya Mwamikazi, ng'ombe wetu, anayekaa saloni kwetu tangu askari walipoanza kupita nyumba kwa nyumba. Sisi watu tumehamia jikoni. Ng'ombe si wetu hasa: Muzee Akonkwa wa kijijini alitukopesha, bibi yangu Adèle alipokosa maziwa ya kumunyonyesha binti yetu Bintu. Kisha vita ikamukimbiza muzee, hatujui analala wapi. Nilimuahidi kumutunza ng'ombe wake, na ahadi ni deni.

Sasa padri ametupatia gazeti la zamani, nimesoma habari za panda wenu. Nimekasirika, Bwana, unisamehe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gazeti linasema panda ni mukopo wa Uchina, na akizaa kwenu, mutoto ni wa Uchina. Vizuri kabisa! Hata sisi Bashi tunakopeshana ng'ombe hivyo: anayefuga anakunywa maziwa na kupata mbolea ya migomba, ndama wa kwanza anarudi kwa mwenyewe. Lakini panda hakamuliwi! Sasa mukopo gani huo? Babu zangu wangecheka mpaka waanguke.

2. Panda anasafiri kwa ndege, na daktari pembeni. Mwamikazi alikuja kwa miguu, na kwenye kila kizuizi askari walimushikashika mbavu huku wakimeza mate.

3. Mianzi anayokula panda imejaa kwetu mulimani Kahuzi. Hakuna aliyetuuliza kitu.

4. (Hii nimeifuta. Adèle amesema ni matusi.)

5. Panda akipiga chafya, gazeti linaandika. Hapa kwetu mutaa mzima unakimbia na magodoro kichwani, redio inapiga muziki!

Kwa hiyo ninaomba kwa heshima mumupokee Mwamikazi kwa masharti yale yale ya panda, mpaka vita iishe. Mbolea mubaki nayo.

Adèle amesoma mpaka hapa, akauliza: "Sasa Raphaël, ng'ombe atapanda avion, hiyo ndege yao, na mutoto atakunywa nini?" Jamani, ni kweli. Basi mumuandike Bintu kwenye karatasi za ng'ombe. Lakini Bintu hajatembea bado, lazima abebwe na mama yake. Halafu Mwamikazi anapiga mateke, anakubali kukamuliwa na mama mukwe wangu tu, Maman Georgette, basi naye aje, ingawa nimefikiri sana kabla ya kuandika jina lake. Mimi nitashika kamba. Mutuwekee uzio mmoja wote, hatubanani, tumezoea jikoni. Wageni wenu waje kututazama na watoto wao, hatutaona haya. Vita ikiisha muturudishe wote kwa Muzee Akonkwa, na kama Adèle atazaa huko, mutoto ni wa Kongo. Sheria tunaijua.

Unisalimie wanaokata mianzi, daktari, wanaofagia, na panda wenyewe, maana wao hawana kosa.

Ni mimi mwenye kukuheshimu, hata kwa hasira,
Raphaël, pamoja na wote wa jikoni

P.S. Bwana Mukurugenzi, naomba ulisahau ombi la juu. Nilikuwa nimetoka kutafuta bahasha, askari wakaingia saloni. Wamemuambia Maman Georgette kwamba hawakunyang'anya, ni mukopo tu, vita ikiisha watamurudisha Mwamikazi. Alishika kamba mpaka ikamukata viganja. Sasa moshi unatoka kambini kwao, na mutaa wote unasikia harufu. Sijui nitamuambia nini Muzee Akonkwa.

Basi tugeuze: ninyi mutukopeshe panda. Saloni iko wazi na mianzi nitaifuata mwenyewe Kahuzi. Awe jike, tafadhali, mwenye mutoto mudogo. Pale kwenye namba moja niliandika kwa dharau kwamba hakamuliwi. Tutajaribu. Bintu analia tangu asubuhi, na yeye hachagui.