Kiti cha Mutume kule Musonoi

Siku ya Mungu, tarehe 23 mwezi wa tatu 1975
Sikukuu ya Matawi. Padri Louis alitaja baba kumi na mbili bataokalia viti vya mitume na kuoshwa miguu kwa Misa ya Alhamisi Kuu. Kabeya, jirani yangu wa nyuma, yumo. Mi simo! Na Kabeya ana miguu ya bata. Nikaenda kwa mama Bilonda, muuza pombe, kutuliza roho na kikombe kimoja cha lutuku. Niliapa mbele ya shirika yetu nzima ya sala kutokunywa pombe Kwaresima yote. Lakini bikombe biliongezeka byenyewe.

Siku ya kwanza, 24
Rozari ya shirika. Mama Mbuyi, mukubwa wetu, alisikia harufu ya pombe, akauliza ni nani. Nikamuangalia Kabeya kwa huruma. Kumuangalia tu! Kisha nikasema polepole tumuombee, sisi wote ni bazaifu. Basi, mama Mbuyi akamutoa Kabeya kwa bale kumi na mbili, akaniweka mi: kiti ni changu. Hakujitetea, alilia tu. Afazali angenitukana.

Siku ya pili, 25
Kukaa kwa kiti cha mutume bila kuungama? Hapana. Lakini Padri Louis anajua hata kikohozi changu. Nimepata akili: nitaungama Mutshatsha, kule padri hanijui! Nilimwambia muke yangu Tshibola naenda kununua makala ya kuwasha jiko. Alisema makala iko hapa Musonoi. Nikasema ya kule inawaka vizuri.

Siku ya tatu, 26
Train, mavumbi, Mutshatsha. Nikapiga magoti, nikafanya sauti nene, nikatoa zambi zote. Halafu sauti nyuma ya wavu:
"Tata Mulumba, ulikuja na train gani?"
Padri Louis! Kumbe leo mapadri banabadilishana paroisse, huyu kwa kanisa la yule, ili batu baungame bila haya. Padri wa Mutshatsha yuko kwetu, na hajui mutu! Nilitamani udongo unimeze. Lakini hakunigombeza.
"Kuanguka, tunaanguka wote," alisema. "Simama sasa. Kitubio chako: mwambie Kabeya kweli, umurudishie kiti."
Machozi yalinitoka. Kweli kabisa.

Siku ya ine, 27
Nilisugua miguu na jiwe, nikapaka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Mutu hajui, pengine kiti kitabakia changu. Padri Louis, amekwisha kurudi, akakaribia na beseni, nikakumbuka kitubio. Nikasimama, nikaita Kabeya mbele ya kanisa nzima, nikamukalisha. Nilitaka kusema kweli! Lakini bamama banapiga vigelegele, batu banasifu unyenyekevu wangu. Ningebakatiza namna gani? Kabeya alinishika mukono, akasema mi peke yangu sikumuhukumu. Nikajibu si kitu.

Siku ya tano, 28
Sababu ya huo unyenyekevu, banachagua mi nibebe musalaba kwa Njia ya Musalaba. Nikapita kwanza kwa mama Bilonda kutafuta nguvu. Nilianguka kwa kituo cha kwanza. Yesu mwenyewe alingoja cha tatu. Kabeya njo aliniinua, akabeba musalaba mpaka mwisho.

Siku ya posho, 29
Kichwa kinauma. Kesho Pasaka, na komunio siwezi kupokea hivi. Nilimwelezea Tshibola yote. Hakushangaa.
"Kabeya anakaa nyuma ya choo chetu," alisema. "Kufika kule haiombi train."
Ni neno nzuri, nitalifikiria. Kwanza nimetoka gare, kule train inasimama, kuuliza saa ya train ya Dilolo. Dilolo iko mbali kabisa. Padri Louis hawezi kufika kule.