Mlevi wa Isingiro na Mlevi wa Kayanga

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeudhika. Hata ndizi nimemenya vibaya. Joyness, mjukuu wangu niliyemlea tangu hajaota meno, amekuja na habari zake. Anafanya kazi kwenye kibanda umiza cha Protase, kile cha kuonyesha mpira hapa Isingiro. Anapokea viingilio, anapanga mabenchi, anawatoa walevi mpira ukiisha. Elfu tatu kwa siku. Sasa kuna bwana mmoja, Evaristi, ana ukumbi Kayanga mjini, amempigia simu. Anamtaka. Elfu sita! Aanze katikati ya mwezi.

Nimemuuliza ni kazi gani hiyo ya elfu sita. Akasema ni ile ile, Kaaka, ndivyo anavyoniita bibi yake. Mabenchi, mpira, walevi. Nikamuuliza kama mlevi wa Kayanga anatapika mara mbili ya mlevi wa Isingiro. Amecheka mpaka akashika mlango. Eti mshahara unafuata mahali, mjini watu ni wengi na viingilio ni vingi. Upuuzi! Benchi ni zito kotekote.

Siyo kwamba nataka abaki. Aende tu. Mimi nataka haki. Protase akitoa elfu sita hapa hapa, basi hakuna sababu ya mtu kufunga mizigo. Ni hivyo tu.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwendea Protase. Shikamoo aliitoa vizuri, aliiona fimbo yangu. Nikamwambia alipe kama Kayanga. Akaapa hana. Akanizungusha nyuma ya kibanda, akanionyesha ukuta wa udongo. Waitu! Matundu kama chujio. Nusu ya kijiji wanaangalia mpira bure wakiwa nje, na kila tundu lina mwenyewe. Mzee wa kanisa ana lake upande wa kivuli, ameweka na kigoda kabisa. Protase akasema ukumbi wa Kayanga ni wa tofali, hauchunguliwi. Tena huku mpaka kahawa iuzwe ndipo mtu ashike hela, mjini wanashika kila siku.

Habari za kahawa siziwezi. Za matundu naziweza. Sikumwambia.

Jumatano, 4 Juni

Alfajiri nimeomba samadi ya ng'ombe wa jirani Kansiime, nikakanda na udongo na majivu, nikaziba matundu yote. Kazi safi. Marehemu mama angenisifu.

Jioni mechi ikaanza. Wenye matundu wakaja, wakapapasa ukuta, wakaenda makwao. Hakuna aliyelipa. Hata mmoja! Walioko ndani wakaanza kulia joto. Na harufu. Samadi mbichi inataka siku za kukauka, hilo nilijua, ila nilikuwa na haraka. Kabla ya mapumziko wote walikuwa nje wanadai viingilio vyao. Protase akarudisha. Joyness leo hakupata hata hiyo elfu tatu.

Nilimkuta nyuma anatoboa matundu kwa kijiti, anacheka peke yake. Hakunigombeza. Akanipa kijiti kingine. Tumetoboa wote wawili mpaka giza likaingia. La mzee wa kanisa tumeliacha limezibwa.

Placidia jirani amepita akasema pana harufu. Nimemwambia kaja nayo. Mwanamke huyu, tangu binti yake apate kazi kwenye ukumbi wa sinema Mwanza, hatembei tena, anaelea. Eti kule wanalipwa elfu kumi. Hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeaga kwamba naenda hospitali, goti. Uongo. Nimepanda gari la asubuhi mpaka Kayanga. Mpango: kumsema Joyness vibaya kwa Evaristi ili asimchukue. Nitasema mvivu. Nitasema mdokozi. Nitasema analala kazini. Nilikariri njia nzima.

Huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama unakwenda kumharibia. Nilibeba mkungu, ule mzuri wa nyuma ya nyumba.

Evaristi ana adabu, shida ndiyo hiyo. Aliupokea mkungu kwa mikono miwili, akanipa kiti, akaniletea kahawa ya kutafuna. Nikaitia mdomoni. Kosa! Kahawa ya mtu iko mdomoni mwako, utamdanganyaje? Kwetu haifanyiki. Nikawa natafuta namna ya kuitema kwa heshima. Naye akaanza mwenyewe. Akasema ana wasiwasi kidogo, watoto wa vijijini kule kwetu Kyerwa wamezoea mambo ya polepole, huenda mji ukamshinda.

Polepole! Joyness!

Nilisimama, goti likapona. Nikamwambia mtoto huyo anamtoa mlevi nje kwa kumshika mkono kama bwana harusi, na mlevi anamshukuru. Nikamwambia siku genereta lilipozimika mechi haijaisha, vijana wakataka kuvunja mabenchi, yeye alipanda juu ya kiti akawatangazia mpira wa kutunga kichwani mwake. Aliwapa mabao wa huku, akawapa mabao wa kule, mpaka taa ziliporudi hakuna aliyetaka ule wa kweli. Nikamwambia hajawahi kuchukua hata shilingi ya mtu. Nikamwambia elfu sita ni matusi.

Akasema basi elfu saba. Na atalala kwa mama yake Evaristi, bure.

Nikakaa chini.

Nimerudi Isingiro bila mkungu na bila mjukuu.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Evaristi amempigia Joyness, amemweleza kila neno langu. Mwanamume mzima, mdomo kama redio! Baada ya ibada mtoto akanikumbatia mbele ya watu wote. Anadhani nilikwenda kumpigania. Akalia begani kwangu. Akasema alikuwa anaogopa kuniacha peke yangu, na alikuwa ameshaamua kumjibu Evaristi hapana. Leo leo alikuwa ampigie.

Alikuwa ameshaamua! Ningekaa tu nyumbani na goti langu!

Nimemwambia nani kasema niko peke yangu, kuku ninao. Nikamwambia afute machozi, anachafua gauni la kanisani. Mzee wa kanisa alipita bila kunisalimia. Placidia akaja kunipongeza, akauliza kama elfu saba inatosha mjini. Nimemwombea, lakini siyo mema.

Jumapili, 15 Juni

Ameondoka. Nimemfungia ndizi, maharage, na karanga za kukaanga. Akasema Kaaka, Kayanga ndizi zinauzwa. Nimemwambia ndizi za sokoni hujui zimelala wapi.

Madumu yote ameyajaza maji. Kuni amepasua za kunifikisha Krismasi. Akanionyesha tena namna ya kupokea simu, kitufe cha kijani. Naijua hiyo simu tangu mwaka juzi. Nimemwacha anionyeshe. Nikamwambia sijaelewa, akanionyesha tena.

Gari lilipiga honi. Nimemwambia asimame wima, asiwe kama mgonjwa, wasije wakasema Kyerwa hatuli. Hakugeuka mpaka kwenye kona. Kwenye kona akageuka.

Jioni nimemenya ndizi za watu wawili. Nimezila zote, Placidia asije akaona mabaki.

Jumamosi, 28 Juni

Joyness amepiga simu. Nimebonyeza kijani. Anakula vizuri, mama yake Evaristi anampenda, walevi wa Kayanga wanatapika sawa tu na wa kwetu. Ametuma kitenge kwa mkono wa dereva, kutoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Nimekivaa, nikapita kwa Placidia kutafuta kuku ambaye hajapotea. Nikapita tena.

Halafu mtoto akasema lile lililomfanya apige. Evaristi anafungua ukumbi mwingine, Bukoba. Huko mshahara ni zaidi, mji ni mkubwa. Anataka mtu wa kumwamini wa kuusimamia, na anamtaka Joyness. Amesema hana haja ya kuuliza kwingine, bibi yake mwenyewe alishamhakikishia.

Bukoba! Huko siwezi hata kwenda na kurudi siku moja.

Basi. Jumatatu naenda tena Kayanga. Nimeshaaga, goti. Mkungu nimeshaukata. Kahawa yake sitaigusa, nitasema meno. Safari hii nitamsema mtoto huyo vibaya mpaka Evaristi ampakie kwenye gari nitakalorudi nalo.

Kilichobaki ni kupata kasoro ya kusema. Nimekaa kibarazani tangu mchana naitafuta. Haibi. Halali kazini. Hamjibu mtu vibaya, hata mimi, na mimi nastahili.

Haidhuru. Njia ni ndefu. Nitaipata nikiwa garini.