Jua la Serikali Lafika Kakuma

Wananchi wote wa Lodwar na Kakuma walitangaziwa kwamba Jua la Serikali, mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuiga jua, limefika. Kwa usahihi zaidi, kilichofika ni makabati ya transista, yenye kutoa mawimbi ya redio ya kusukuma mkondo wa umeme ndani ya gesi yenye joto kuliko jua lenyewe. Gesi yenyewe, na chombo cha kuizuia isitoroke, vilipangiwa awamu ya pili.

Mkurugenzi wa mradi, Morgan, hakuona tatizo. Mawimbi yasipokuwa na pa kwenda, wataalamu huyaelekeza kwenye tangi la maji, na maji hupata moto. Basi pale Kakuma, ambako maji ya mfereji huunguza vidole kabla ya saa sita mchana, ofisi yake ikawa inatengeneza maji ya moto. Ili kazi hiyo muhimu isikwame, umeme wa soko ulikatwa.

Kisha umma ukaitwa, kama sheria inavyotaka, utoe maoni juu ya jambo lililokwisha amuliwa. Mgeni rasmi alitoka Nairobi na suti nzito.

"Ejok," Fathia, muuza samaki, alisalimia kwa Kiturkana. "Mkurugenzi, friji yangu imezima. Hii samaki ya Kerio itaoza leo, na ndiyo karo ya watoto."

"Maoni yako yamepokelewa, mama."

"Yamepokelewa, yamewekwa wapi?"

Watu wakacheka. Ili kuwatuliza, Morgan akaeleza uzuri wa transista: ni nyingi, ndogo ndogo, na zikifa kadhaa zilizobaki hubeba kazi, wala hakuna anayejua.

"Basi zima kabati moja tu, nipate umeme kidogo."

Mgeni rasmi, aliyekwisha lowa jasho hadi soksi, aliona hilo ni wazo la kimaendeleo. Losike, fundi wa zamu, akazima kabati moja. Joto la tangi halikushuka. Akazima la pili. Wapi. Akazima yote, akarudisha umeme sokoni, na tangi, lililoshinda juani tangu asubuhi, likazidi kupata moto.

"Imekataa kushuka, mkubwa," Losike akasema.

Kutoka dukani kwa Fathia friji ikaanza kunguruma, na mwenyewe akaondoka mbio bila kuaga.

Mgeni rasmi akasimama. "Mradi umefaulu," alitangaza. "Umefanya kazi bila mashine. Kuanzia leo Serikali itaujaribu bila mkurugenzi."

Morgan, ambaye hajawahi kuiacha hotuba ya mkubwa ipite kimya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.