Ukweni Kamanga, Miguu Imegoma

Jamani, leo nimeaibika ukweni. Nimeaibika nikiwa na misuli yangu yote!

Mnaijua ratiba yangu ya tizi (mnaijua, maana nawachosha nayo kila siku). Jumatatu na Alhamisi nanyanyua chuma: bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku, pale nyuma ya chumba changu Mkolani. Jumanne na Ijumaa chuma kinapumzika, nabeba mwili wangu mwenyewe: pushapu, kuning'inia kwenye tawi la mpera, kuchuchumaa na kuinuka. Jumamosi ni kulala tu. Ratiba safi, haijawahi kuniangusha!

Sasa leo Jumamosi ndiyo siku ya kwenda kwa kina Kabula, mchumba wangu, ng'ambo kule Kamanga. Baba yake alishasema, "Nimwone kwanza, ndipo niseme kama mshenga aje au asije." Kabula naye akanimegea siri: bibi yake aliiona picha yangu akauliza, "Huyu anakula kweli?"

Roho iliniuma! Alfajiri nikaamka na mzuka wa ajabu. Leo bibi ataona kifua! Nikapiga chuma chote cha wiki, kifua, mabega, miguu. Mwili ukachemka, nikaunganisha na pushapu mia na kuchuchumaa mia mbili. (Nani alinituma? Hakuna.) Nikavaa shati la kubana. Kwenye kioo nilikuwa mtu na nusu!

Kwenye kivuko mapaja yakaanza kutetemeka. Nikasingizia injini.

Nikapokelewa vizuri mno. Nikakalishwa kwenye sofa laini, lile la kuzama. Akaingia baba, nikasimama, "Shikamoo baba," nikakaa. Akaingia baba mkubwa, nikasimama. Wakaja shangazi wawili, mmoja mmoja, nikasimama mara mbili. Kila nikiinuka mapaja yanawaka moto. Tukala ugali na sato, nikakaa saa nzima bila kujitikisa. Kosa kubwa! Miguu ikaganda pale pale.

Akaingia bibi. Nyumba nzima ikasimama. Mimi nimekaa tuli kama mgeni rasmi.

"Shikamoo bibi!" nikapaza sauti, labda hatanitazama miguu.

"Marahaba. Ndiye huyu? Mbona hasimami?"

Kabula akanikazia macho. Nikashika kingo za sofa nijisukume, kumbe mikono nayo ilishamaliza kazi yake alfajiri. Nikafika nusu, nikarudi puu! Nikajaribu tena. Puu! Jasho linanitoka na feni inazunguka.

"Mgonjwa?" bibi akauliza.

"Hapana bibi, ni mazoezi," Kabula akajibu kwa sauti ndogo.

Baba akaweka glasi chini. "Mazoezi gani?"

Nikaona hapa ndipo pa kujiokoa. "Nanyanyua chuma, baba. Kilo sabini!"

"Na wewe mwenyewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane, baba."

"Basi anza na hizo."

Mungu wangu! Shangazi mmoja akakimbilia jikoni, nikasikia kicheko kinampalia huko huko. Bibi hakucheka. Akamwita mama Kabula, mama mkwe wangu mtarajiwa, mtu ambaye nilipanga nimwamkie kwa mbali huku nimeinamisha kichwa. Bibi akashika kwapa hili, mama mkwe akashika lile. "Moja, mbili, haya!" Nikanyanyuliwa mzimamzima. (Bibi wala hakuhema.)

Nikabaki nimeshikilia ukuta, naogopa kumtazama baba. Moyoni nikasema ndiyo basi, Kabula nimemkosa hivi hivi, kwa sababu ya pushapu. Halafu baba akakohoa.

"Mshenga aje."

Nilitaka kuruka! (Ningeruka na miguu ipi?)

"Ila aje anayeweza kusimama."

Nimekubaliwa jamani! Naoa! Sasa hivi kivuko kimefika Mwanza, abiria wote wameshashuka, mimi bado nimekaa kwenye benchi. Aliye karibu na gati aje na mwenzake, huyu kwapa hili, yule lile. Kucheka tutachekea nyumbani.