Yasiyoshikika, Tisini na Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimemfunga mkwe wangu vikapu saba kwa bila katika gemu lake la runinga, la mpira wa kikapu. Saba! Mzee wa umri wangu, niliyeliacha darasa la sita njiani. Hakugusa mpira hata mara moja.

Basi niseme kweli, maana hapa naandika peke yangu. Hakugusa mpira kwa sababu hakugusa pedi, kile kidude cha kubonyezea. Mvua ilianza, akatoka mbio kuanua nguo, na mchezaji wake akabaki katikati ya uwanja mikono ikining'inia. Na vikapu vilikuwa viwili. Cha pili sina uhakika nacho.

Nilikuwa nafanya mazoezi. Kuna vita nyumbani. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, amekuja na masanduku mawili na mgongo mbovu. Mkaguzi wa tiketi mstaafu. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuwashusha watu kwenye basi, sasa anataka kunishusha mimi. Anakitaka chumba cha mbele! Chenye cherehani yangu na dirisha langu, ambalo bila hilo nisingejua nani kavaa viatu vipya na nani kanuniana na nani. Anasema mgongo unataka hewa. Nikamwambia hewa ipo hata stoo. Stoo iko nyuma, haina dirisha, ina pampu ya maji inayokoroma kuliko yeye.

Tumebishana tangu chai ya asubuhi hadi mama watoto akapiga sufuria kwa mwiko. Akasema amechoka kutusikia, tutacheza. Gemu la mkwe, Jumamosi, mbele yake. Kwa nini gemu? Kwa sababu, akasema, ndicho kitu pekee ambacho nyie wawili hamkijui na hamwezi kujifanya mnakijua, kwa hiyo hakuna atakayesema kaonewa. Mshindi, chumba cha mbele. Mshinde, stoo na pampu, na asisikike akinung'unika.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya kuunda wachezaji. Mashine inakupa mtu mtupu, kipara, na fungu la alama za kumgawia. Pembeni kuna safu ya maneno, kila neno na namba yake. Mkwe akanisomea moja moja, maana yako kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye vibandiko vya kola. Kasi. Nguvu. Kuruka. Mikono. Hayo nikaelewa. Kisha akafika kwenye moja akasita, akainamisha kichwa, akasema hili ni kama... Yasiyoshikika.

Yasiyoshikika yapi? Akasema, sijui, baba. Linafanya kazi gani? Hajui. Ameshika pedi hii tangu kabla hajaolewa na mwanangu, hajaona popote wameeleza. Ukiliongeza, kitu fulani kinatokea. Kitu gani? Kitu fulani. Na huyu ni mtu ambaye kazi yake hospitalini ni kupiga picha za mifupa! Anaona hadi ndani ya goti, lakini hapa haoni.

Nilicheka. Mimi ni fundi cherehani maisha yangu yote. Mtu haandikiwi namba bure. Nikiandika thelathini na nane ni kiuno, na kiuno hicho kipo, kinatembea. Nikachukua futi kamba nikampima mchezaji palepale kwenye kioo cha runinga. Kifua, inchi mbili. Mguu, nne na nusu. Hakuna namba iliyolingana na yoyote. Nadhani runinga ni ndogo. Mkwe akaniomba nisiegemee kioo.

Hata hivyo kanuni naijua. Alama ni kama kitambaa, hazinyumbuki. Ukitaka kiuno kipana, punguza mikononi. Nikakata kila nisichokielewa hadi chini kabisa, Yasiyoshikika la kwanza, nikajaza Nguvu na Kuruka. Akatoka mtu ana mabega kama milango ya kabati. Nikamwita Kabati. Nikamvisha fulana nyekundu. Imekaa vibaya kwapani, ila hilo si kosa langu.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Kabati anaruka ajabu. Mpira ndio haupo. Anaruka, anatua, mpira uko kwingine unamsubiri. Akipewa, unamponyoka kama sabuni. Na mara moja nilibonyeza kitufe cha kukimbia, akasimama akaanza kutazama watazamaji. Anamtafuta nani? Nikamwuliza mkwe kama hilo ndilo pengo la Yasiyoshikika. Akasema huenda. Au huenda ni Mikono. Au huenda nimebonyeza vibaya. Majibu matatu kutoka kwa mtu mmoja!

Ikaja zamu ya shemeji. Akafunika kioo kwa gazeti, kama mtoto anayeficha mtihani wake. Anacheka peke yake huko nyuma ya gazeti. Nikisogea ananiambia, "Shemeji, wewe kashone."

Vyema. Nitashona.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango! Nilimwambia shemeji suruali yake inafagia sakafu, anamtia dada yake aibu, aniachie niipunguze bure. Akanikazia macho kama nimempa tiketi ya jana. Lakini bure ni bure. Nikampandisha kwenye kigoda, nikamzungushia pini miguu yote miwili, zile ndefu, ncha ndani. Nikamwonya asitikise hata unyayo, kipimo kitaharibika. Kisha nikasema, ala, chaki imekwenda wapi? Ngoja niifuate.

Mbio sebuleni! Mkwe alikuwa anakula. Akageukia ukuta, hakuona kitu. Mtoto ana adabu huyu. Nikamfungua mchezaji wa shemeji. Kijiti! Kasi hana, Nguvu hana, kifua kimeingia ndani. Na pale kwenye Yasiyoshikika: tisini na tisa.

Nikakaa chini. Anajua! Mtu aliyesimama mlangoni mwa basi umri wake wote akisoma nyuso, akijua nani kalipa na nani anajifanya kalala, huyo asiyajue yasiyoshikika nani atayajua? Nami nimeyafyeka yote kama nyuzi za pindo.

Shemeji alikuwa anaita toka kwenye kigoda. Kwanza kwa heshima. Baadaye akawaita na marehemu babu zangu.

Nikamvunja Kabati kimya kimya. Roho iliniuma. Nikaunda mwingine, kila kitu kidogo, Yasiyoshikika tisini na tisa. Katoka mwembamba, macho yako mbali, kama mtu anayejiuliza kama alizima jiko. Nimemwita Uzi.

Ijumaa, 7 Juni

Sielewi. Nimecheza na Uzi asubuhi nzima. Hakimbii, haruki, hasukumi mtu. Lakini mpira unamfuata! Na mchezaji wa mkwe, ambaye hufunga hata mkwe akipiga miayo, alirusha akakosa, akarusha akakosa. Nikauliza, ni Uzi anafanya hivyo? Akasema labda. Tukajaribu Uzi akiwa mbali kabisa, akakosa tena. Tukajaribu mimi nikiwa nimefumba macho, akafunga. Kwa hiyo ni macho yangu? Akasema, baba, nimetoka zamu, naomba nikalale.

Nikatoka kuuliza wanaojua mambo. Fundi simu wa kwenye kona akasema ni moyo. Nikamwambia moyo wameuandikia mstari wake peke yake. Akasema basi ni moyo mwingine. Kinyozi akasema ni kile kitu kinachofanya watu wawili wakinyolewa mtindo uleule, mmoja aonekane bwana harusi na mwingine mwizi. Hilo nililipenda, ila linaongezwaje? Kinyozi akasema angelijua angejiongezea mwenyewe. Mwenye duka la dawa alinisikiliza hadi mwisho, kwa makini kabisa, kisha akaniuliza kama nimekula na kama nyumbani wanajua niko wapi.

Nimerudi kichwa kinazunguka. Kesho naingia uwanjani na kitu ambacho sijui kinavaliwa mbele au nyuma.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kabla hasira haijapoa.

Tuliketi. Mama watoto kwenye kochi, anakunja nguo, yeye ndiye hakimu. Akatangaza sheria: vipindi viwili, na wakati wa mapumziko kila mmoja anaweza kumrekebisha mchezaji wake mara moja, asije akasema baadaye kwamba kidude kilimbana.

Wakatokea uwanjani. Huku Uzi wangu. Na kule... mabega kama milango ya kabati! Fulana nyekundu! Niliruka toka kwenye kiti. Huyo Kabati wangu, mwizi mkubwa wewe! Shemeji wala hakuona haya. Akasema ndiyo, alinichungulia Jumanne nikiwa nimepiga magoti mbele ya runinga na futi kamba, akanakili namba zote, ila hakujua kuziingiza mpaka jana mkwe alipomsaidia. Akasema mtu aliyepima miili ya watu maisha yake yote hawezi kukosea mwili. Ni neno jema la kwanza kuniambia tangu nilipomwoa dada yake. Nilikaribia kumshukuru.

Nikamwuliza, sasa ile tisini na tisa je? Siri yake ilikuwa nini? Akauliza tisini na tisa ipi, na mimi nimeijulia wapi. Mama watoto akaacha kukunja. Nikakohoa. Ndipo shemeji akakumbuka, akacheka hadi akashika mgongo: Jumatano alikuwa amekandamiza kitufe akitafuta pa kuzimia mashine, kidole gumba kikafa ganzi, namba ikapanda mpaka ikagota.

Ganzi! Nimemvunja Kabati kwa ajili ya ganzi ya kidole!

Filimbi. Sasa maajabu. Kabati aliruka kila mahali, mpira haupo. Uzi alisimama tu. Alisimama! Mpira ukagonga mgongo wa Kabati, ukamdondokea Uzi mikononi, nikabonyeza chochote, ukaingia. Mara Kabati akaanza kutazama watazamaji, Uzi akampita taratibu kama mtu anayekwenda dukani, ukaingia. Nne kwa bila! Shemeji jasho linamtiririka, mgongo umemkumbuka ghafla. Mapumziko.

Mama watoto aliniambia, na nayaandika yalivyo: "Mzee, usiguse." Mkwe naye akasema baba, acha hivyohivyo. Najua. Lakini mtu una ufundi wako! Chumba changu nikipate kwa ganzi ya shemeji? Nikikaa dirishani watu wakiniuliza nimeshindaje, niseme nini? Mimi nguo ikimkaa mtu vizuri nataka nijue imemkaa kwa nini. Nikaingia, nikapunguza Yasiyoshikika, kidogo tu, upana wa pindo, nikaongeza kwenye Kasi, ambayo naielewa.

Kipindi cha pili Uzi alikimbia. Loo, alikimbia! Akampita Kabati, akaupita mpira, akatoka nje ya mstari, akarudi, akatokea upande wa pili. Nikamwita kwa jina. Nikamsihi. Shemeji hakufanya lolote la maana, alikuwa anainua pedi na kuishusha kama anapepeta. Na Kabati akadaka mpira. Akadaka! Kazi niliyomshona kwayo, hakuifanya kwangu hata siku moja, akaifanya kwa mwizi wake. Akaruka nao juu, akaufunga. Akaufunga tena. Akaufunga tena.

Sita kwa nne. Shemeji akanipa mkono akasema, "Shuka, shemeji, kituo chako hiki." Nilimwona midomo ilivyokuwa imeliandaa neno hilo tangu zamani.

Mama watoto aliinuka. Alichukua mashati yangu yaliyokunjwa akayapeleka stoo.

Jumapili, 9 Juni

Stoo. Pampu inakoroma. Cherehani tumeihamisha mimi na mkwe, shemeji akituelekeza kwa kidole. Naandika taa ikiwa imewashwa mchana kweupe. Kupitia ukutani namsikia dirishani, anasalimia watu wangu, nao wanamwitikia! Tayari anajua kwa nini fundi bomba na jirani wa ng'ambo hawasemezani. Mimi nimesikia "kumbe!" tu na kicheko. Kumbe nini? Hakuna wa kunieleza.

Lakini nimegundua. Safari hii kweli. Wala si Yasiyoshikika! Tumehangaika na mstari usio wenyewe. Chini yake kuna mwingine, mkwe anausoma Uthabiti, naye hajui unafanya nini, na hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu ndio pekee sijaugusa. Nimeshaomba marudiano. Shemeji amekubali kwa furaha, kwa sharti kwamba nikishindwa na kiti changu cha mezani ni chake. Mama watoto akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia atulie, kiti nimeshakishinda.

Sasa wewe, mkwe. Najua unaisoma shajara hii. Ukurasa wa Ijumaa una duara la chai, nimelipima, si kikombe changu. Sikasiriki. Nakukumbusha tu zipu ya mkoba wako wa kazi, niliyoibadilisha juzi wewe ukiwa umechelewa, unaruka mguu mmoja mlangoni. Sikudai kitu. Basi kesho shemeji akiingia kuoga, nifungulie mchezaji wake, unitazamie Uthabiti ameuweka ngapi. Ngapi tu. Hata usiseme kwa mdomo, pita hapa stoo unionyeshe kwa vidole, mimi nitahesabu.